Gari la Moshi la Watu au la Mizigo?

Hapa kwetu Baraka hakuna reli. Kule Fizi, juu milimani, hakuna vilevile. Sisi tunajua lori, pikipiki na mashua. Lakini ukipanda mashua ukafuata ukingo wa ziwa kwenda kusini, utafika Kalemie, mji ulioitwa zamani Albertville. Pale utaona vyuma viwili virefu vimelala chini sambamba, vinatoka karibu na maji na kwenda bara, upande wa magharibi. Hiyo ndiyo reli. Ilifika Kalemie mwaka 1915, ikitoka Kabalo kwenye mto mkubwa wa Lualaba. Urefu wake ni kilometa 273.

Ng'ambo ya ziwa iko reli nyingine. Inatoka Dar es Salaam, penye bahari, na ilifika Kigoma mwaka 1914. Hata Uvira palikuwa na reli fupi ya kwenda Kamanyola, lakini iliondolewa kabla ya uhuru wa 1960.

Sasa sikilizeni habari ya wavulana wawili wa mwaka wa sita. Mmoja kwao ni Baraka, mwingine kwao ni Fizi. Yule wa Baraka alikwenda Kalemie pamoja na mjomba wake, akaiona reli. Aliporudi, alimwambia mwenzake: «Ndugu yangu, tutengeneze gari la moshi dogo, tuliweke mezani, wazazi walione siku ya kufunga shule.»

Mwenzake akakubali. Fundi seremala akawapa vipande vya mbao. Wakakata vijiti vya mataruma, wakapigilia juu yake waya mnene kuwa reli.

Kwanza walichagua kipimo. Kila meta moja ya kweli iwe sentimita 2 mezani. Maana yake kila kitu kipunguzwe mara 50. Kwenye reli ya Kalemie nafasi kati ya vyuma viwili ni milimeta 1067. Gawanya kwa 50, utapata milimeta 21 na kidogo. Hiyo ndiyo nafasi waliyoiacha kati ya nyaya zao.

Halafu wakapiga hesabu ya njia nzima. Kilometa 273 ni meta 273.000. Gawanya kwa 50: ni meta 5.460. Yaani hata reli yao ndogo ingekuwa na urefu wa kilometa tano na zaidi! Nao walikuwa na meza moja tu, yenye meta 3 kwa meta 1 na sentimita 20. Basi wakachagua vituo vinne tu vya njia ile: Kalemie, Niemba, Nyunzu na Kabalo. Anayetengeneza mfano wa kitu hawezi kuweka kila kitu. Lazima achague.

Na katika kuchagua ndipo ugomvi ulipoanza.

Yule wa Baraka alisema: «Tutengeneze mabehewa ya watu. Yana madirisha na viti, tutayapaka rangi moja nzuri. Watu watapenda kuyatazama.»

Yule wa Fizi alijibu: «Hapana. Tutengeneze mabehewa ya mizigo. Mama zetu wanauza mihogo, mawese na dagaa. Vitu hivyo visiposafiri, watu watakula nini?»

Mbao zilikuwa chache, hazikutosha magari mawili. Walibishana mpaka wakakasirikiana. Siku mbili hawakusemezana, na reli ikabaki mezani bila gari. Siku ya tatu fundi seremala akawaambia: «Nendeni kwa yule mzee aliyefanya kazi ya reli ujanani mwake. Yeye atawaamua.»

Mzee akawakaribisha, wakaketi. Aliwasikiliza wote wawili, kisha akasema: «Wanangu, ninyi mnauliza gari lipi ni zuri zaidi. Swali hilo halina jibu. Ulizeni maswali matatu mengine, na jibu litakuja lenyewe.»

Swali la kwanza: Njia yenu ikoje?

«Behewa la watu ni refu,» alisema mzee. «Tuseme lina meta 20. Kwa kipimo chenu litakuwa sentimita 40. Behewa la mizigo tuseme lina meta 12. Litakuwa sentimita 24. Je, kona za meza yenu ni kali?»

Zilikuwa kali sana, kwa sababu meza ilikuwa nyembamba. Behewa refu likipita kona kali, tumbo lake hutokeza upande wa ndani, na ncha zake hutokeza upande wa nje. Kamba au kulabu ya kulivuta huenda upande, na magurudumu huruka nje ya reli. Behewa fupi hupita kona bila taabu. Reli za kweli ni hivyo hivyo: wahandisi hupima kona kabla ya kuchagua mabehewa.

«Na njia yenu ya kupishana ina urefu gani?» aliuliza tena.

Njia ya kupishana ni reli ya pili, fupi, iliyo kando ya ile kubwa. Magari mawili yakikutana kwenye reli moja hayawezi kupeana nafasi kama watu njiani. Moja lazima liingie kando na kungoja. Gari likiwa refu kuliko njia hiyo, mkia wake utabaki kwenye reli kubwa, na njia itazibwa. Ya wavulana ilikuwa na sentimita 150. Mashini yao ilichukua 30, zikabaki 120. Ndani ya 120 yanaingia mabehewa 3 ya watu, au mabehewa 5 ya mizigo.

Swali la pili: Gari litafanya kazi gani?

Gari la watu lina kazi ya saa. Liondoke kwa saa yake, lisimame, watu washuke na kupanda, liendelee, lifike kwa saa yake. Mabehewa yake hukaa pamoja toka mwanzo mpaka mwisho.

Gari la mizigo lina kazi ya kupanga. Behewa moja linaachwa Niemba, jingine Nyunzu, jingine Kabalo. Na mengine hupokewa njiani. Mtu asipofikiri kabla ya kuondoka atapata taabu. Behewa la kituo cha kwanza lifungwe wapi? Mzee aliwaacha wafikiri. Mwishowe yule wa Fizi alisema: «Nyuma kabisa. Tukifika Niemba tunalifungua lile la mwisho, na gari linaendelea.» Ni kweli. La Nyunzu linakuwa mbele yake, na la Kabalo mbele zaidi. Hata wapakiaji wa lori wanajua jambo hili: mzigo wa kushuka kwanza hupakiwa mwisho.

Msidharau kazi ya gari la mizigo. Mnaijua ile meli ya Liemba, ya ng'ambo ya ziwa letu? Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika masanduku 5.000 hivi. Masanduku hayo yalipelekwa kwa meli mpaka Dar es Salaam, kisha kwa gari la moshi mpaka Kigoma. Pale meli ikaunganishwa tena, ikashushwa ziwani mwaka 1915. Vitani, mwaka 1916, Wajerumani wenyewe waliizamisha. Baadaye Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina la Liemba. Bila gari la mizigo, meli kubwa namna ile isingefika katikati ya Afrika.

Swali la tatu: Nani atangoja?

Magari mawili yakikutana, mara nyingi lile la mizigo huingia kando, na lile la watu hupita. Gunia la mihogo halilii njaa, wala halina mtoto mgonjwa anayepelekwa hospitali. Lakini mizigo nayo ikingojeshwa mno, samaki huoza, na duka hukosa chumvi. Kwa hiyo nchi hupanga kwa akili. Kenya ilipojenga reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi, gari la watu lilianza tarehe 31 Mei 2017, na la mizigo likafuata mwaka 2018. Tanzania nayo ilianza na watu kwenye reli yake mpya ya umeme, kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, mwezi wa Juni 2024.

Kisha mzee akanyamaza kidogo. Sauti yake ikabadilika.

«Liko jambo moja zaidi,» alisema. «Mkichagua mizigo, msisahau kwamba watu watataka kusafiri. Wasipopewa behewa lao, watapanda juu ya mizigo.»

Alisema kweli. Mwezi wa Machi 2022, huko Buyofwe katika jimbo la Lualaba, gari la moshi la mizigo lilianguka. Halikuwa gari la watu, lakini watu wengi walikuwa wamepanda kwa siri. Zaidi ya 60 walikufa. Behewa la mizigo halina kiti wala dirisha. Likiinama, mzigo hukimbilia upande mmoja na kumponda aliye karibu. Aliyekaa juu hana cha kushika.

Na sisi watu wa ziwa tusiseme: hayo ni mambo ya reli. Mwezi wa Desemba 2014 meli Mutambala, yenye jina kama la mto wetu, ilizama katika safari ya kutoka Kalemie kwenda Uvira. Ilikuwa imejaa watu na mizigo kupita kiasi. Watu zaidi ya 100 walikufa majini. Chombo kina kipimo chake, kiwe cha reli au cha maji.

Wavulana walirudi nyumbani kimya. Njiani yule wa Baraka alisema: «Ndugu, ulikuwa na haki juu ya mizigo.» Mwenzake akajibu: «Na wewe ulikuwa na haki juu ya watu.» Wakaamua kutengeneza gari la mchanganyiko.

Walichukua mashini ya sentimita 30. Nyuma yake wakafunga behewa moja la watu. Walilitengeneza fupi, sentimita 30 badala ya 40, lipite kona bila kuruka. Kisha wakafunga mabehewa matatu ya mizigo, kila moja sentimita 24: la Kabalo, la Nyunzu, na mwisho la Niemba. Jumla ni sentimita 132. Lilienea vizuri katika njia ya kupishana. Na kwa kuwa behewa la watu lilikuwa karibu na mashini, halikufunguliwa hata mara moja njiani.

Siku ya kufunga shule wazazi walikuja. Gari lilivutwa kwa uzi, likapita kona zote. Katika kila kituo behewa moja liliachwa. Akina mama walicheka walipoona vigunia vidogo vya unga wa mihogo na kichupa cha mawese.

Mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alikuwa na mtu mdogo wa udongo. Akamweka juu ya behewa la mizigo, juu ya magunia. Yule wa Fizi, ambaye mwanzoni hakutaka behewa la watu, alisimamisha gari. Akamchukua yule mtu wa udongo, akamkalisha ndani ya behewa lenye madirisha.

«Mtu si mzigo,» akasema. Kisha akavuta uzi, gari likaondoka.

Maneno

Behewa: gari linalovutwa na mashini juu ya reli, wengi kwetu huliita wago.
Taruma: mti au chuma kinacholazwa chini kubeba reli.
Gari la mchanganyiko: gari la moshi lenye mabehewa ya watu na ya mizigo pamoja.

Maswali

1. Reli ya Kalemie ina urefu gani, nayo inakwenda mpaka wapi?
2. Kwa nini behewa refu huruka nje ya reli kwenye kona kali?
3. Njia ya kupishana ina sentimita 200, na mashini ina 30. Mabehewa mangapi ya sentimita 24 yataingia?
4. Una mizigo ya Swima, Mboko na Makobola katika lori moja linalotoka Baraka kwenda Uvira. Uliza ni mji upi unaofikiwa kwanza, kisha eleza utakavyopakia.
5. Kwa nini ni hatari kupanda juu ya gari la mizigo? Andika sababu mbili.