Miaka 32 ya Kusubiri Mita 800

Agosti 1928, mjini Amsterdam, wanawake tisa walikimbia fainali ya Olimpiki ya mita 800. Lina Radke wa Ujerumani alishinda kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi ya dunia. Wote tisa walimaliza. Baadhi yao walijitupa chini wakihema, jambo ambalo yeyote aliyewahi kutazama mita 800 za wanaume amelishuhudia bila kushtuka. Magazeti yalikuza habari hiyo: wanawake wameanguka, wanawake wamezirai. Mwandishi mmoja wa Marekani alihesabu wakimbiaji 11, wawili zaidi ya walioshuka uwanjani. Wakuu wa riadha wakazifuta mbio hizo kwa wanawake, na hazikurudi Olimpiki hadi Roma, 1960.

Mjadala wa usawa michezoni hupenda kuanzia kwenye zawadi za fedha. Katika riadha, mlango wa kwanza ulikuwa ratiba. Mbio zisizokuwamo kwenye ratiba hazina mchujo wa taifa, hazina kocha anayeziandalia mazoezi, hazina tiketi ya ndege. Msichana mwenye pumzi ya kilomita kumi anaambiwa akimbie mita 200, anashika nafasi ya mwisho, kisha watu wanasema hana kipaji.

Ratiba hiyo ilifunguliwa kwa kipimo cha mchoyo. Mita 1,500 ziliingia Munich 1972. Marathoni na mita 3,000 zilisubiri Los Angeles 1984, michezo ileile iliyoanzisha mita 400 kuruka viunzi kwa wanawake. Nawal El Moutawakel wa Morocco alizishinda mara hiyo ya kwanza na kuwa mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Mita 10,000 zikaja 1988, mita 5,000 mwaka 1996. Mbio za kuruka viunzi na maji za mita 3,000, ambazo wanaume walikuwa wakizikimbia Olimpiki tangu 1920, zilifika kwa wanawake mwaka 2008.

Sasa itazame Kenya kwa jicho hilo. Wilson Kiprugut aliipatia nchi medali yake ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1964. Wanawake wa kwanza wa Kenya walikwenda Mexico 1968, na mbio ndefu kabisa walizozikuta huko kwa wanawake zilikuwa mita 800. Nchi inayosifika kwa stamina ilikuwa ikiwapeleka binti zake mahali ambapo stamina haikuwa na pa kuonyeshwa. Medali ya kwanza ya mwanamke ilikuja Atlanta 1996, fedha ya Pauline Konga. Katika mbio zipi? Mita 5,000, mwaka uleule zilipoingizwa. Ndoa za mapema na kazi za nyumbani zilichangia kuchelewa huko, hilo halipingiki, lakini tarehe hizi mbili zimekaribiana mno kuwa sadfa.

Dhahabu ya kwanza ya mwanamke Mkenya ililetwa na Pamela Jelimo, msichana wa miaka 18, Beijing 2008. Ilikuwa ya mita 800, zile zile zilizosemekana zingemwangamiza mwanamke. Peruth Chemutai naye, dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Uganda, aliipata Tokyo mwaka 2021 katika kuruka viunzi na maji. Angezaliwa miaka 20 mapema, katika umri huohuo mbio hizo asingezikuta Olimpiki.

Mbio za nyika zilikawia zaidi. Kampala 2017 ndipo wanawake na wanaume wakubwa walipokimbia umbali mmoja katika ubingwa wa dunia, kilomita 10 kila upande. Kabla ya hapo wanaume walipewa 12 na wanawake 8. Kwa umbali huo mpya, Wakenya walishika nafasi zote sita za kwanza upande wa wanawake.

Nje ya njia ya kukimbilia hali ni nzito zaidi. Katika Olimpiki ya Tokyo, makocha wanawake walikuwa takriban asilimia 13 tu ya makocha wote. Kuna pia suala la usalama. Mkenya Agnes Tirop aliweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani, mbio za wanawake pekee, Septemba 2021. Mwezi uliofuata aliuawa nyumbani kwake Iten. Wanariadha wenzake walianzisha shirika la Tirop's Angels kuwasaidia wanawake wanaokumbwa na ukatili. Hapo kubadilisha ratiba pekee hakutoshi.

Paris 2024 iligawa nafasi sawa, 5,250 kwa wanaume na 5,250 kwa wanawake, na marathoni ya wanawake ikawekwa siku ya mwisho, mahali palipozoeleka kuwa pa wanaume. Hellen Obiri wa Kenya alipata shaba. Siku chache kabla yake, katika uwanja mkuu, wanaume walishindana michezo kumi kwa siku mbili kumtafuta mwanariadha kamili. Wanawake waliandaliwa saba.