Tabibu, Mgonjwa na Mwuguzaji: Mazungumzo kama Sehemu ya Tiba ya Saratani

Saratani ni ugonjwa wa chembe hai. Kwa kawaida chembe za mwili hugawanyika kwa kadiri ya mahitaji ya mwili, kisha huacha. Chembe ya saratani haitii mpaka huo. Huendelea kugawanyika, hujenga uvimbe, na baadhi yake huweza kusafiri kwa njia ya damu au limfu hadi sehemu nyingine za mwili. Hayo wanafunzi wa biolojia wanayafahamu. Lakini tiba ya ugonjwa huu huchukua majuma, miezi na pengine miaka, na kwa muda wote huo watu watatu hulazimika kuelewana: mgonjwa, mwuguzaji wake wa nyumbani, na tabibu. Wasipoelewana, hata tiba iliyo bora huweza kushindwa. Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, na nini kiwezacho kufanywa.

Hesabu ya chembe zilizobaki

Tuchukue mfano wa saratani ya shingo ya kizazi, inayowapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine nchini Tanzania. Karibu daima husababishwa na virusi vya papiloma. Tangu mwaka 2018 chanjo dhidi ya virusi hivyo imekuwa ikitolewa kwa wasichana nchini kote. Mgonjwa ambaye uvimbe wake umekwisha kuenea kiasi cha kutofaa kupasuliwa hutibiwa kwa mionzi. Kwa utaratibu uliozoeleka, mionzi ya nje hutolewa mara 25, siku 5 kwa juma. Huongezwa pia mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake huwekwa karibu na uvimbe wenyewe. Inapendekezwa tiba yote imalizike ndani ya majuma 8.

Sharti hili lina sababu ya kibiolojia. Kila dozi ya mionzi huua sehemu tu ya chembe za saratani. Tuseme, kwa ajili ya hesabu, kwamba kila dozi huacha nusu ya chembe zikiwa hai. Uvimbe wenye chembe 1,000,000,000 utakuwa na chembe zipatazo 1,000,000 baada ya dozi 10. Umepungua mara elfu moja. Damu imekoma na maumivu yametulia. Hata hivyo chembe milioni moja zingali hai. Baada ya dozi 25 zitabaki chembe 30 hivi, na hizo ndizo zinazoandamwa na mionzi ya ndani. Tiba ikikatizwa katikati, chembe zilizosalia hugawanyika upya, tena huweza kufanya hivyo kwa kasi zaidi kuliko awali.

Sasa tumfikirie mama aliyesafiri kutoka Kigoma hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Majuma mawili yamepita, yaani dozi 10, na damu imekoma. Kwake yeye, damu hiyo ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Nyumbani ameacha watoto na shamba. Mjini kila siku ina gharama yake. Ikiwa hakuna aliyemweleza tofauti kati ya kupata nafuu na kupona, anazo sababu zote za kurudi kwao. Si haki kumwita mjinga. Ameamua kwa busara, ila kwa habari pungufu.

Maneno yenye njia mbili

Chanzo kimoja cha kutoelewana ni maneno yenyewe. Tabibu husema, “Ugonjwa umefika hatua ya tatu,” akimaanisha kwamba umeenea. Lakini katika Kiswahili cha kila siku kupiga hatua ni kusonga mbele, na msikilizaji aweza kudhani amesifiwa. Vivyo hivyo “matokeo hasi”. Katika maabara maana yake ni kwamba kilichotafutwa hakikuonekana, jambo ambalo mara nyingi ni jema; nje ya maabara hasi ni ubaya. Wengine husema mgonjwa “anachomwa” mionzi, nao wasikiao hufikiri moto. Ni kweli kwamba ngozi huweza kubadilika rangi au kuchubuka, lakini mionzi ya nje haibaki mwilini baada ya mashine kuzimwa, na mgonjwa aweza kumpakata mwanawe bila hatari yoyote. Asipoambiwa hivyo, huenda akajitenga na watoto wake bure.

Utafiti unasema nini

Desturi ya kuficha si ya Waafrika peke yao. Mwaka 1961 daktari Donald Oken alichapisha utafiti uliofanywa Chicago, Marekani, ambapo karibu asilimia 90 ya madaktari walisema hupendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Mwaka 1979 swali hilo liliporudiwa kwa madaktari wa Rochester, asilimia 97 walipendelea kumwambia. Mawazo ya taaluma nzima yalikuwa yamegeuka katika muda usiozidi miaka 20.

Kusema, hata hivyo, si sawa na kusikiliza. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walionyesha kwamba madaktari waliochunguzwa waliwakatiza wagonjwa baada ya wastani wa sekunde 18 tangu waanze kueleza shida zao. Na kusikiliza kuna faida inayopimika. Mwaka 2017 Ethan Basch na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 766 wa saratani iliyosambaa, huko New York. Wagonjwa walioripoti dalili zao mara kwa mara kwa kompyuta, na wauguzi wakaarifiwa dalili zilipozidi, waliishi kwa mediani ya miezi 31.2, waliopata huduma ya kawaida, miezi 26.0.

Siri ya jamaa

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Katika saratani, mara nyingi mfichaji si mgonjwa bali jamaa zake. Kaka mkubwa humwendea tabibu faraghani: “Mama asiambiwe, hofu itamwua.” Ombi hilo hutokana na mapenzi, nasi tuliheshimu. Lakini mama asiyejua ana ugonjwa gani hawezi kukubali wala kukataa tiba, hawezi kujua dalili ipi ni ya hatari, wala hawezi kupanga mambo ya wanawe. Robert Buckman wa Toronto na wenzake walichapisha mwaka 2000 utaratibu unaosaidia hapa. Tabibu hutafuta mahali pa faragha. Humwuliza mgonjwa anaelewa nini tayari. Humwuliza anataka kujua kiasi gani. Ndipo humweleza kwa maneno mepesi, humpa nafasi ya kulia au kunyamaza, kisha hupanga naye la kufanya. Mgonjwa aweza kujibu, “Mweleze mwanangu mkubwa.” Huo nao ni uamuzi, lakini ni wake mwenyewe.

Kazi ya mwuguzaji

Mwuguzaji, ambaye pengine ni mwanafunzi wa sekondari, huona mengi ambayo tabibu hayaoni. Awe na daftari. Aandike tarehe, maumivu, kiasi cha chakula, na maswali ya kuuliza. Aandike pia dawa za miti shamba zinazotumiwa, kwa maana baadhi yake huingiliana na dawa za hospitali. Naye tabibu asizikemee, asije akafichwa. Mgonjwa anayetumia dawa za kuua chembe za saratani akipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, apelekwe hospitali mara moja, mchana au usiku, kwani dawa hizo hupunguza chembe nyeupe za damu zinazolinda mwili. Na maumivu yasivumiliwe kimya. Nchini Uganda, tangu mwaka 1993 shirika la Hospice Africa lililoanzishwa na daktari Anne Merriman limetumia mofini ya kunywa kuyatuliza. Kupewa mofini si hukumu ya kifo.

Jaribio la darasani

Mwalimu amsomee mwanafunzi mmoja aya ya hesabu ya chembe iliyo hapo juu, kisha asimwulize, “Umeelewa?” Karibu kila mtu hujibu ndiyo. Badala yake amwambie: “Nieleze kwa maneno yako, nipate kujua kama nimefafanua vema.” Darasa liandike mambo yaliyosahauliwa na yaliyobadilika maana. Kisha zoezi lirudiwe kwa sentensi fupi, jambo moja kwa wakati mmoja, na matokeo yalinganishwe. Sentensi hiyo hiyo yafaa kutumiwa na tabibu, na mwuguzaji aweza kuigeuza akiwa hospitalini: “Daktari, niruhusu nirudie ulivyosema, unisahihishe nilipokosea.”