Machipuko ya Pontoise na Masika ya Misima

Mwaka 1877 Camille Pissarro, mmoja wa Waimpresionisti, alichora bustani ya mboga huko Pontoise, Ufaransa, miti ya matunda ikiwa imechanua. Hamna malaika wala madhabahu. Mna maua, nyumba na udongo, vyote kwa mabaka madogo ya rangi yafuatayo mwanga.

Kwao maua hufuata baridi. Kwetu Misima majani huchipua masika yanaponyesha baada ya kiangazi. Yasiponyesha, mahindi hukauka na njaa huingia nyumbani. Basi mhubiri aelezaye ufufuo kwa mfano wa theluji iliyoyeyuka humpa mkulima picha isiyo yake. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliwachora wanakijiji wa kwao wakiwa kazini. Nasi tuhubiri kwa udongo ambao waumini wetu wanaulima.