BUIBUI WA SHIMONI NA DAWA YA PAMBA

Wakulima wa Iguguno na vijiji jirani, watayarishapo mashamba ya alizeti, mtama na pamba, hukuta ardhini matundu ya mviringo, mapana kama kidole gumba au kuzidi, ambayo midomo yake imezungushiwa utando mweupe. Wengi hudhani ni matundu ya nyoka, na wapo wanaomimina humo dawa ya pamba. Jambo hilo halifai.

Nyoka hafumi utando. Mwenye tundu ni buibui mkubwa wa manyoya, mkazi wa nyika na mbuga za majani. Aina moja iliyoenea Tanzania ilielezwa na mtaalamu Pocock mwaka 1897 kwa jina la Pterinochilus murinus. Rangi yake huanzia kijivu hadi ya chungwa. Mchana hujificha, usiku hukaa mlangoni akivizia panzi, nyenje na mende. Jike aweza kuishi zaidi ya miaka kumi, bali dume hufa muda mfupi baada ya kukomaa. Wadudu anaokula si wengi kiasi cha kumwondolea mkulima kazi ya kupalilia au kunyunyiza dawa, lakini mazao hayagusi kabisa.

Akichokozwa huinua miguu ya mbele na kuonyesha meno, na asipoachwa huuma. Maumivu yake ni makali, na misuli yaweza kukakamaa kwa siku kadhaa. Hata hivyo hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kutokana na sumu yake. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na kwenda zahanati. Asichanjwe kwa wembe.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile dawa. Ikimiminwa bila kupimwa hubaki udongoni, mahali watoto wachezapo na kuku waparuapo, na mmiminaji mwenyewe mara nyingi hana glavu. Tena dawa iliyochukuliwa kwa mkopo hukatwa katika malipo ya pamba, hata kama haikuufikia mpamba mmoja. Makatibu wa vyama waonapo mwanachama anarudi kuomba chupa ya pili kabla ya wakati, wamwulize ya kwanza imekwenda wapi.

Tundu likiwa uani, lifukuliwe mchana kwa jembe la mpini mrefu, buibui aingizwe katika debe kwa kijiti, akaachwe porini. Kidole kisitiwe tunduni kamwe, hata lisilo na utando, maana hilo huenda likawa la nyoka kweli.