Mabingwa wa kuzima jeni

Saratani inayokua kwa kasi kuliko zote za binadamu imepewa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliyeandika habari zake mwaka 1958. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Huwashika watoto zaidi, na Afrika mara nyingi kwenye taya, nayo huanzia katika seli B, askari wa kinga wenyewe.

Mwaka 1961 Burkitt na wenzake wawili walinunua gari kuukuu kwa pauni 250, wakazunguka wiki 10 na karibu kilomita 16,000 hadi Afrika Kusini wakiulizia uvimbe huo hospitali kwa hospitali. Ramani waliyorudi nayo ilifuata joto na mvua. Unguja na Pemba zina vyote viwili, lakini huko uvimbe ulikuwa adimu. Burkitt baadaye alieleza sababu: visiwani malaria ilikuwa imepigwa vita. Malaria ya mara kwa mara huzichokoza seli B na kuwadhoofisha askari wengine wanaozidhibiti. Kwa hiyo mama wa Kiuyu, Pemba, anayechomeka chandarua chini ya godoro la mwanawe anamkinga na zaidi ya homa, na mimi sijui kinga ya saratani iliyo rahisi kuliko hiyo.

Kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu kilitoka katika uvimbe huohuo. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande chake kutoka Kampala ilizuiwa na ukungu London, ikatua Manchester. Kichupa kilipomfikia mtafiti Anthony Epstein, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Badala ya kuyamwaga aliyatazama kwa hadubini, akaona seli za uvimbe zikielea, zi hai. Mwaka 1964 kirusi cha EBV kikatangazwa.

Kirusi hiki ni bingwa wa ukimya. Kina jeni zaidi ya 80, lakini ndani ya uvimbe wa Burkitt huzima karibu zote, kikibakisha takriban protini moja, EBNA1, na askari hupita bila kukitambua. Kimelea cha malaria nacho kina jeni 60 hivi za kubadilisha sura, na huwasha moja tu kwa wakati.

Binadamu tumechelewa katika kuzima jeni. Mwaka 2015, London, mtoto wa mwaka mmoja mwenye saratani ya damu alikuwa wa kwanza kupewa seli za kinga za mtu mwingine zilizozimwa jeni mbili: moja zisiushambulie mwili wake, nyingine zisiuawe na dawa zake. Oktoba 2016, Chengdu, mgonjwa wa saratani ya mapafu alirudishiwa seli zake zikiwa zimezimwa PD-1, breki ambayo saratani huikanyaga ili askari wasimame. Mwaka uliofuata tiba ya kwanza ya seli za kinga zilizobadilishwa jeni iliingia sokoni Marekani kwa dola 475,000, bei inayoniuma.

EBV hukaa mwilini maisha yote. Kwa upande wa binadamu, katika ripoti ya Marekani ya Februari 2020, seli za kinga zilizozimwa jeni tatu, PD-1 ikiwemo, zilionekana mwilini mwa wagonjwa watatu hadi miezi tisa. Hazikuwadhuru sana, wala hazikuwaponya.