Watu wa Nyuma ya Masanduku ya Posta

Mtu anapotia ufunguo katika sanduku lake la posta na kuikuta barua aliyokuwa akiingoja, aghalabu hafikiri kwamba upande wa pili wa ukuta ule, ambako masanduku yote yako wazi kwa nyuma, alisimama mtu kabla yake, akaisoma anwani, akaitambua nambari, na kuitia barua ile mahali pake. Na lau mtu huyo angeitia katika sanduku la jirani, lisingebaki tegemeo jingine ila uungwana wa jirani. Huyo ndiye mchambuzi wa barua, naye ni mtumishi ambaye jina lake halijulikani na wateja, uso wake hauonekani dirishani, na kazi yake haikumbukwi na yeyote mpaka siku inapoharibika.

Katika miji mingi ya Ulaya barua huchukuliwa na tarishi hadi mlangoni kwa mwenyewe, na tarishi huyo, kwa kuwa anawajua watu wa mtaa wake, hupata nafasi ya kulisahihisha kosa lililotendwa na wenziwe walioichambua barua usiku. Kwetu Tanzania na Kenya mambo ni mbali na hayo, maana sehemu kubwa ya barua zetu tangu zamani huishia sandukuni, na mkono wa mchambuzi ndio mkono wa mwisho. Fauka ya hayo, nambari za masanduku hurudiwa katika kila mji: S.L.P. 100 iko Tanga, iko Moshi, iko Dodoma, na kila moja ina mwenyewe, hata mtu anayeandika nambari bila ya kutaja mji huwa hakuandika anwani yoyote. Tena sanduku moja huenda likawa ni la shule, au kanisa, au zahanati, au duka la mtu mwenye ukarimu, na nyuma yake wakawamo watu wa kijiji kizima ambao majina yao mchambuzi hana budi kuyazoea, ingawa hakuna kanuni iliyomlazimisha.

Kazi yenyewe huanza pale gunia la barua linaposhushwa garini. Kwanza hutazamwa lakiri, kama ni nzima au imeguswa, kisha kibandiko chake hulinganishwa na hati iliyosafiri nalo. Na gunia likisha kumwagwa sharti ligeuzwe ndani nje, kwa sababu bahasha nyembamba hupenda kujificha katika mshono wa pembeni, ikasafiri na gunia tupu hadi mji mwingine. Barua zilizotiwa sandukuni mjini humo humo hugeuzwa zote zielekee upande mmoja, stempu katika pembe ile ile, ndipo zipigwe muhuri wa tarehe ili stempu isitumiwe mara ya pili. Barua za rejista huwekwa mbali na nyingine, maana hizo hazitoki katika mkono mmoja kwenda mwingine bila ya saini, na ikipotea moja, daftari litamtaja aliyekuwa nayo mwisho.

Baada ya hapo ndipo vinapokuja vishubaka. Mchambuzi husimama mbele ya ukuta wa mbao au chuma uliogawanywa vijumba vidogo vidogo, kila kimoja na mji wake au njia yake, akashika fungu la barua kwa mkono wa kushoto na kuzirusha moja moja kwa mkono wa kulia. Na aliyezoea, mkono wake huenda kama wa msusi wa ukili, wala hainui macho kutafuta kishubaka. Ugumu uko katika kujua barua ya mahali padogo ipitie wapi: kwamba kijiji fulani, ijapokuwa kiko karibu na mji huu katika ramani, barabara yake inatoka mji ule, na basi lake huondoka alfajiri. Nambari za posta zilibuniwa kumpunguzia mzigo huo. Nchini Kenya 00100 ni posta kuu ya Nairobi, na 80100 ni ya Mombasa. Tanzania nayo ina nambari za tarakimu 5 zinazofika hadi kata. Lakini kwa maoni yangu faida ya nambari hizi haijapatikana hata nusu, kwa kuwa waandikaji wengi hawazijui, na barua isiyo na nambari bado hutegemea kichwa cha mtu.

Kabla ya 1977, mwaka ilipovunjika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki, posta za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja, na stempu moja yenye majina ya nchi hizo ilifaa kubandikwa Kisumu, Jinja au Mtwara. Baadaye kila nchi ilishika njia yake, na posta zikatengwa na simu, Tanzania mwaka 1994 na Kenya mwaka 1999. Kisha simu za mkononi ndizo zilizochukua salamu, zikachukua na fedha, hata barua za mapenzi na kadi za Idi na Krismasi, ambazo zamani zilijaza magunia, zimekuwa chache. Kilichoongezeka ni vifurushi, kwa kuwa nguo haipiti katika simu, wala kiatu, wala kipuri cha pikipiki.

Kifurushi kina adabu zake. Kinapimwa uzito, kizito kinawekwa chini na chepesi juu, na kile kitokacho ng'ambo hubeba alama 13: herufi mbili za mwanzo zinazoeleza aina yake, ya kwanza ikiwa kama C kwa vifurushi au R kwa rejista, kisha tarakimu 9, na mwisho herufi mbili za nchi kilikotoka, TZ kwa Tanzania na KE kwa Kenya. Tarakimu ya tisa haina kazi ila kuzishuhudia nane zilizotangulia, kwa kuwa hutokana nazo kwa hesabu maalumu. Mtu akikosea kuandika moja, aghalabu hesabu hukataa. Utaratibu huu unafuatwa na mataifa yote chini ya Umoja wa Posta Duniani, ulioasisiwa na nchi 22 mjini Bern mwaka 1874. Umoja huo unakataza kupeleka wanyama hai kwa posta, ila ukaruhusu nyuki, ruba na viwavi wa hariri, ruhusa ambayo nadhani ni wachambuzi wachache wanaoomba waione ikitumika. Maandishi ya vipofu nayo husafiri bila ya malipo ya stempu, nami sijui sheria nyingine ya posta iliyo na murua kuliko hiyo.

Mchambuzi hana idhini ya kufungua kifurushi. Kikitiliwa shaka hupelekwa kwa afisa wa forodha, kikafunguliwa mbele ya mashahidi na kufungwa upya. Naye hupitisha zamu nzima kwa miguu, katika vumbi la magunia, akiinua na kuinama, na amana za watu zikipita mikononi mwake, ambazo hana ruhusa hata ya kuuliza ni nini.

Basi, msomaji, ukiandika barua au ukifunga kifurushi, andika jina kamili, nambari ya sanduku, mji na nambari ya posta kwa herufi zinazosomeka. Na nyuma yake uandike anwani yako mwenyewe, kwa sababu mzigo uliomkosa mwenyewe, na usio na jina la mtumaji, hauna pa kurudi, na mchambuzi, hata awe hodari vipi, hawezi kuubahatisha.