Laini ya Simu ya Mwanafunzi Mpya wa Chuo Kikuu

Mwanafunzi anayeripoti chuo kikuu kwa mara ya kwanza huwa na mengi ya kukamilisha kwa muda mfupi: usajili, malazi, ada, na fedha za kujikimu kwa wale waliopangiwa mkopo na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Sehemu kubwa ya mambo hayo hupitia kwenye simu, na matapeli wanalifahamu hilo. Tunaeleza hapa namna ya kujilinda.

Alama ya kidole ni saini yako

Tangu tarehe 1 Mei 2019, laini za simu nchini Tanzania husajiliwa kwa alama za vidole zinazohakikiwa kwa namba ya Kitambulisho cha Taifa. Wakala asiye mwaminifu anaweza kukuambia kwamba kidole hakijasoma na kukutaka urudie, kumbe anasajili laini ya pili kwa jina lako. Laini hiyo ikiuzwa na kutumika katika utapeli, uchunguzi utaanzia kwako.

Sajili laini katika duka la mtoa huduma au kwa wakala anayetambulika. Kisha piga *106# ili uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa mtoa huduma husika aifute.

Usimsajilie mtu mwingine laini, hata kama ni mwenzako wa chumba ambaye bado hajapata namba ya kitambulisho. Tunajua kwamba ni vigumu kumkatalia mtu mnayelala chumba kimoja. Hata hivyo, urafiki hauhamishi dhamana: kwenye kumbukumbu za usajili, mwenye laini ni wewe.

Kabla ya kutuma fedha

Kipindi cha kufungua vyuo, hutumwa ujumbe unaodai kwamba nafasi ya hosteli imepatikana na inahitaji malipo ya haraka, au kwamba mkopo wako umekwama na utafunguliwa kwa ada ndogo. Fuata kanuni hizi:

1. Lipa ada na malazi ya chuo kwa namba ya kumbukumbu ya malipo au akaunti uliyopewa na chuo chenyewe, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu binafsi.
2. Soma jina la mpokeaji linaloonekana kwenye simu kabla ya kuingiza namba ya siri. Lisipolingana na la chuo, sitisha malipo.
3. Usimtajie yeyote namba yako ya siri, hata akijitambulisha kuwa ofisa wa mkopo au wa kampuni ya simu.
4. Usilipie chumba cha mtaani kabla ya kukiona na kuonana na mwenye nyumba.

Ukishatapeliwa

Mpigie mtoa huduma wako mara moja, kwani fedha ambazo bado hazijatolewa zinaweza kuzuiwa. Toa taarifa ya namba iliyotumika kwenda 15040, kisha ripoti kituo cha polisi. Usifute ujumbe wowote, kwa kuwa ndio ushahidi wako. Usiporidhika na majibu ya mtoa huduma, wasilisha malalamiko yako kwetu kwa maandishi, ukiambatisha nakala ya ujumbe huo na majibu uliyopewa.

Aibu isikuzuie kutoa taarifa. Namba inayoripotiwa mapema huweza kufungwa kabla haijamfikia mwanafunzi mwingine.